Kobelo Aliyekataa Kuwa Mtani

Nikiita, mniitike. Ngano!

Na ije!

Ije na kicheko au ije na kilio?

Ije ilivyo!

Haya, inakuja ilivyo, na msije mkanilaumu baadaye. Ngano hii mimi siipendi. Niliisikia kwa mama yangu, na kila alipoimaliza aliinuka kwenda kuosha vyungu vilivyokwisha kuoshwa. Sogeeni. Wewe unayejikuna mguu, jikune kimyakimya.

Hapo kale, kale sana, wanyama waliposema na watu wakawasikia, palikuwa na kijiji chini ya jabali jekundu. Chini walikaa watu. Juu ya jabali walikaa nyani. Na watu wale na nyani wale walikuwa watani.

Utani mnaujua. Mtani anaweza kukwambia una pua ya kuchochea moto, na wewe usikasirike. Mtani anaweza kukukamatia kuku mbele ya macho yako, ukabaki unacheka kwa uchungu. Lakini siku ya msiba mtani ndiye anayekuja. Wewe mfiwa umekaa chini, huna nguvu hata ya kufunga kanga. Yeye anachimba kaburi, yeye anapika, yeye anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, mpaka unacheka, na ukishacheka unaweza kula. Kazi hiyo mfiwa hawezi kujifanyia. Lazima aje mtu wa upande mwingine.

Watu walipopanda mtama, waliwaachia nyani mistari ya pembeni, ile inayogusa jabali. Nyani walipomwona chui anashuka walibweka, na watu wakaingiza mbuzi na watoto ndani. Katikati yao alisimama mtu mmoja, jina lake Kobelo. Kobelo alisema na nyani kwa niaba ya watu, na akasema na watu kwa niaba ya nyani. Mtama ulipokomaa alisimama mpakani akaita:

"Watani! Wenye makalio mekundu! Huu ni wenu, na huu si wenu!"

Nyani wakamjibu kwa matusi ya kitani, wakala uliokuwa wao, wakauacha usiokuwa wao. Ikawa hivyo miaka mingi.

Kobelo na mkewe Sihaba walikuwa na mtoto mmoja tu, msichana, jina lake Mwajabu. Mwajabu akashikwa na homa. Wakampa dawa ya mizizi, homa ikazidi. Wakampa dawa ya majani, homa ikazidi. Wakampa dawa ya magome, mtoto akafa.

Nyani walishuka wote, wakakaa kwenye ua wa nyumba. Kiongozi wao alikuwa Bibi Nyani, mzee mwenye jicho moja lenye ukungu. Akamsogelea Kobelo, akamtazama usoni kwa muda.

"Mtani," akasema, "uso wako umevimba na umekuwa mwekundu. Umeuazima wapi? Maana huo wa kwangu mimi huukalia."

Kobelo akacheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, kisha akala tonge la ugali, na Sihaba naye akala. Nyani wakachimba kaburi kwa mikono yao, wakamzika Mwajabu, wakarudi jabalini.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kobelo alikaa na msiba wake akawaza: watu wamenipa pole na kwenda zao, nyani wamenirudishia pumzi. Basi hawa ndio wangu. Basi mimi ni nyani.

Akapanda jabali. "Bibi," akasema, "mimi ni nyani."

Bibi Nyani akacheka mpaka akashika mbavu. "Na mimi ni mama mkwe wako! Karibu, mtani!"

"Usiniite mtani. Mimi ni mwenzenu."

Bibi Nyani akaacha kucheka. Alimwangalia kwa jicho lile zima, akaona huyu hatanii.

Sihaba akapanda kumfuata. "Baba Mwajabu, rudi nyumbani. Chakula kimeiva."

"Nyani hali kilichopikwa," akasema Kobelo. Akapindua jiwe, akala nge.

Sihaba akapanda mara ya pili. "Baba Mwajabu, rudi. Kaburi la mtoto limeota magugu, na mimi napalilia peke yangu."

"Nyani hapalilii."

Sihaba akapanda mara ya tatu. "Kobelo, unawapenda. Hata mimi nawapenda, wamemzika mwanangu. Lakini kuwapenda si kuwa wao."

"Simjui Kobelo," akasema Kobelo, akampa mgongo.

Sihaba akashuka. Alilia njia nzima, maana mtoto amemfia na mume yuko hai hana faida.

Mkaona imetosha? Bado.

Siku moja chui alimkamata mtoto wa nyani. Madume wakamfukuza, akamwacha mtoto, lakini mtoto alikuwa ameshakufa. Mama yake akamkumbatia. Nyani wote wakakaa chini wakasubiri, kama desturi. Wakasubiri mtani aje kuchimba, aje kutania, aje kumwigiza marehemu alivyokuwa akining'inia kwenye mkia wa mama yake. Kobelo alikuwa hapohapo katikati yao, analia kwa sauti kuliko wote.

"Mtani wetu yuko wapi?" akauliza Bibi Nyani.

"Mimi hapa."

"Wewe ni nani hapa?"

"Mimi ni mfiwa," akasema Kobelo. "Mtoto wenu ni mtoto wangu."

"Wafiwa tumejaa jabali zima," akasema Bibi Nyani. "Nani atatuzikia?"

Kobelo akaendelea kulia. Mama akaibeba maiti mpaka ikanuka, mpaka ikakauka, na hakuna aliyecheka wala aliyekula vizuri. Kijijini hawakujua kama kuna msiba, kwa sababu aliyekuwa akipeleka habari alikuwa amekaa juu na wafiwa.

Mtama ukakomaa. Mpakani hapakuwa na mtu wa kuita. Nyani vijana wakamwuliza Kobelo, "Upi ni wetu?" Akasema, "Nyani haulizi." Wakaingia shambani, wakala mistari ya pembeni, wakala ya katikati, wakala mpaka milangoni kwa watu. Kobelo akala pamoja nao, tena alikula shamba la Sihaba.

Watu wakakutana kwa hasira. Wakanoa mikuki, wakatengeneza nyavu, wakawaweka mbwa na njaa. Bibi Nyani aliwasikia wale mbwa wakilia, akaelewa.

"Kobelo," akasema, "nilikuwa nakuita mtani, ukakataa. Sasa nakuomba. Shuka ukaseme nao. Waambie vijana wangu hawakuonyeshwa. Waambie tutarudi pembeni."

"Bibi, mimi nyani nitasimamaje mbele ya watu? Wataniua."

Akamwomba tena, akakataa. Akamwomba mara ya tatu, akiwa amempigia magoti, yeye mwenye miaka yake yote. Ndipo Kobelo akashuka.

Alikuta watu wameshabeba mikuki. Akasimama njiani, matope mwilini, nywele zimesokotana, akainua mikono.

"Msiwaue! Waliniuliza mpaka uko wapi, nikakataa kuwaonyesha. Hawana makosa!"

Watu wakasimama, maana sauti walikuwa wanaikumbuka. Mzee wa shauri, jina lake Mlunde, akamwuliza, "Wewe unasema kama nani?"

"Kama mmoja wao," akasema Kobelo. Hata hapo! Hata hapo, jamani, ulimi ulikuwa umeshazoea.

"Basi umekuja kujitetea mwenyewe," akasema Mlunde. "Tulikuwa na mtu anaitwa Kobelo. Akisema tuwasamehe tuliwasamehe, kwa kuwa alikuwa wa kwetu, na shamba likiliwa lilikuwa lake pia. Angekuwapo leo tungemsikiliza."

"Mimi ndiye! Mimi ndiye Kobelo!" akapiga kelele. "Mwulizeni Sihaba!"

Wakamgeukia Sihaba. Sihaba alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba isiyo na mtama. Alitaka kusema ndiyo, naapa alitaka. Lakini alikumbuka ule mgongo.

"Aliniambia hamjui Kobelo," akasema. "Na mimi simjui huyu."

Wakampita. Mmoja alimsukuma pembeni kwa mpini wa mkuki, kama unavyosukuma mbuzi wa mtu mwingine.

Sitawasimulia yaliyofanyika jabalini. Kulikuwa na nyavu, kulikuwa na mbwa, na nyani wadogo hawawezi kukimbia mbali. Hayo yanatosha.

Watu walipoondoka Kobelo akapanda. Akamkuta Bibi Nyani amelala ubavu kwenye mwamba, mkuki umemkatikia mwilini, bado anahema.

"Bibi, nisamehe. Nilitaka niwe wenu kabisa."

Bibi Nyani akasema taratibu, kwa shida:

"Mwanangu, nyani tulikuwa nao. Wa kubweka walikuwapo, wa kupanda walikuwapo, wa kulia walikuwapo tele. Hatukukosa nyani hata siku moja. Tulikuwa na mtu mmoja tu, na huyo ukatunyima."

Akafumba lile jicho zima. Lenye ukungu likabaki wazi.

Kobelo alijaribu. Alitafuta neno moja la utani, moja tu, amwambie Bibi kitu kuhusu uso wake au makalio yake, amsindikize kama mtu anavyosindikizwa. Alifungua mdomo, kikatoka kilio. Akaanza kuchimba kwa mikono, na lile jabali ni mwamba mtupu. Kucha zikamtoka, hakupata hata shimo la yai. Kufika jioni tai wakaanza kushuka, na yeye hakuwa na mawe ya kutosha kuwafukuzia wote.

Chini kijijini walikula uji wa mtama uliobaki. Msimu uliofuata chui alishuka, na hakuna aliyebweka.

Funzo lake nalisema wazi, asije mtu kuniambia hakulisikia. Ukimpenda mnyama, mwite ndugu, mwite mtani, mtetee, mzikie wafu wake. Lakini mpende ukiwa mtu. Wenzake anao tayari. Anayemhitaji ni wewe, uliye upande wa pili, ambaye neno lako linasikilizwa kule yeye asikoweza kufika. Siku unapojifanya yeye, hukumwongezea mnyama hata mmoja. Umempunguzia binadamu.

Ngano nimeitua hapa, na ni nzito. Mwenye mgongo aichukue aende nayo, mimi nanyamaza.