Mkia wa Chonge

Paukwa!

Pakawa!

Hao wa nyuma wanajibu kwa pua. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Na nyinyi kina mama sogeeni, maana hii si ya watoto peke yao.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanasalimiana kabla ya kulana, palikuwa na bwawa katikati ya mbuga. Mkuu wa bwawa alikuwa Mzee Kiboko. Na bwawa lile lilikuwa na ada yake. Jioni, kabla mtu hajainama kunywa, Mzee Kiboko alitoa kichwa majini, pwaa! Akauliza: "Aliye mbali hajambo?"

Mwenye mtoto ugenini alitoa habari za mtoto wake, kisha akanywa. Asiye na habari alingoja. Alingoja Pundamilia wanywe. Alingoja Nyumbu wanywe. Alingoja Nyati waingie na kwato zao, bwata bwata, bwata bwata. Ndipo anywe yeye. Anywe nini? Tope!

Maana wanyama walisema: "Mtoto asiyemkumbuka mamaye, huyo hakulelewa."

Basi karibu na bwawa, ndani ya shimo la zamani lililochimbwa na muhanga, aliishi ngiri mmoja jike, mtu mzima. Aliitwa Mama Chonge, maana mwanawe wa pekee aliitwa Chonge. Chonge aliondoka akiwa kijana, meno ndiyo kwanza yanachomoza. Alisema, "Mama, nakwenda ng'ambo ya milima kutafuta maisha. Nikipata nitakuita." Akainua mkia juu, kama wafanyavyo ngiri wakikimbia. Tiriri, tiriri, tiriri, mpaka mkia ukapotelea majanini.

Mama akangoja. Ngiri huingia shimoni kinyumenyume, matako mbele, uso unabaki mlangoni. Basi uso wa Mama Chonge ulikuwa mlangoni, macho njiani. Mvua zikaja, mvua zikapita. Magoti yakaota sugu, meno yakachakaa. Habari, hakuna.

"Aliye mbali hajambo, Mama Chonge?"

"Sijapata habari, Mzee."

"Ngoja."

Akangoja. Akanywa tope. Kesho yake ikawa vilevile. Tope. Na keshokutwa, tope.

Jioni moja Mama Nyumbu alikuwa anajisifu pale, mwanangu hivi, mwanangu vile. Akamgeukia Mama Chonge. "Na wako, shoga? Au hata sura yake umeshaisahau?"

Wote wakamtazama. Mama Chonge akahisi uso unamwaka moto. Ulimi ukamponyoka.

"Wangu? Mbona leo asubuhi tu Mbayuwayu kaniletea salamu zake!"

"Ehee! Anasemaje?"

"Ananisalimu. Ananisalimu sana."

"Pita unywe," akasema Mzee Kiboko.

Akapita. Maji yalikuwa safi, ya baridi. Akayanywa bila kumtazama mtu.

Sasa jamani, uongo ukishazaliwa unataka kulishwa. Mama Chonge akaulisha. Jioni hii, Chonge kapata bonde zima la mizizi. Jioni ile, Chonge kawa mkubwa wa ngiri wote wa ng'ambo. Jioni nyingine, "Mwanangu akiinua mkia wake, hata Simba anapisha njia!"

Simba! Mnacheka? Pale bwawani hakucheka mtu. Wakasema, "Kweli mama huyu kazaa."

Na Kanga alikuwapo. Mnamjua Kanga, yule wa madoadoa, neno halilali mdomoni mwake. Kekekekeke! Akampa Kwale. Kwale akampa Kima. Neno likavuka kilima, likavuka mto, likaenda.

Lakini Mama Chonge akirudi shimoni, akiingia kinyumenyume, alishindwa kuitazama ile njia. Alifumba macho. Aliona haya mbele ya njia tupu. "Mwanangu sijui kama yu hai," alijiambia, "na mimi ninamfanya pambo." Kesho jioni akaenda, akadanganya tena.

Asubuhi moja alikuwa amepiga magoti anachimba mizizi. Akatua Korongo, ndege wa safari ndefu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ndiye Mama Chonge?"

Akauacha mzizi.

"Ndiye mimi."

"Mwanao nimemwona. Yu hai."

Mama Chonge akalia. Hakuuliza jingine mpaka machozi yalipomwisha. Kisha akauliza, "Yuko wapi?"

"Nyuma ya kilima kile. Yupo pale tangu mwezi uandame."

"Hapo tu? Mbona haji kwetu?"

Korongo akasimama kwa mguu mmoja, akabadili, akasimama kwa mwingine. Neno lilikuwa zito.

"Mama, huko ng'ambo hakupata kitu. Alikutana na njaa. Kisha alikutana na Chui, na Chui akamkata mkia. Akasema, basi, narudi kwa mama yangu. Kufika kilimani, akamkuta Kanga, na Kanga hakumtambua. Akamwambia, 'Pisha, wewe kibutu usiye na mkia! Huku ni kwa mama yake Chonge, yule ambaye Simba anaupisha mkia wake!' Mwanao akauliza, 'Nani kasema?' Kanga akajibu, 'Mamaye mwenyewe, kila jioni.'"

Mama Chonge akafumba macho.

"Basi akakaa chini. Akaniambia, 'Mama anamngoja Chonge mwingine. Huyo nitamtoa wapi?' Kesho alfajiri anarudi alikotoka."

"Nitamfuata sasa hivi!"

"Akikuona unakuja atakimbia, mama. Mkia hana, lakini miguu anayo. Anaona haya."

Korongo akaruka, akaenda zake. Mama Chonge akabaki na magoti yake chini. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka. Alimwomba Mungu habari miaka yote ile, na sasa habari imekuja, na aliyemfungia mwanawe njia ni yeye. Angenyamaza, jina lake lingebaki zuri na mwanawe angeondoka. Angesema, je? Angeishi vipi na Mama Nyumbu?

Nyinyi mngefanyaje? Nyamazeni! Ni rahisi kusema ukiwa umekaa mkekani.

Jioni ikafika. Pwaa! Kichwa cha Mzee Kiboko.

"Mama Chonge, aliye mbali hajambo?"

"Hajambo kidogo, Mzee. Hana mkia."

Wote wakamgeukia.

"Mbayuwayu hajaniletea hata neno moja. Yote niliyatunga mimi. Nilichoka kunywa tope, nilichoka kutazamwa. Mwanangu hana bonde, hana watu, na Simba hampishi. Chui kamkata mkia. Anaona haya kurudi kwangu, na haya hizo nimempa mimi."

Mama Nyumbu akaanza kucheka. Pundamilia wakacheka. Nyati wakacheka mpaka maji yakawatoka puani. Mama Chonge alisimama palepale, masikio yamelala, macho chini.

"Chekeni," akasema. "Mnayo haki. Lakini wewe Kanga, usikae hapa ukicheka. Nenda ukayaseme haya kama ulivyoyasema yale. Na ukifika kilimani, paza sauti."

Kekekekeke! Kanga hakungoja kuambiwa mara mbili.

"Mama Chonge," akasema Mzee Kiboko, "ada ni ada, na ulikunywa kwa uongo. Ngoja."

Akangoja. Wakanywa wote, wakaondoka wanamcheka. Ndipo akashuka peke yake, akapiga magoti. Nyuma yake akasikia hatua. Kwatu. Zikasimama. Kwatu, kwatu. Mtu akapiga magoti kando yake. Mama hakuinua uso, na yule hakuinua uso. Waliinama pamoja juu ya tope.

"Mama."

"Mwanangu. Umekonda."

"Kanga kapaza sauti kule kilimani, eti umewaambia wote nilivyo."

"Nilimtuma mimi."

Chonge akageuka ili kile kibutu cha mkia kisionekane. Mama akazunguka, akakilamba, kama alivyomlamba siku aliyomzaa.

"Nilikuwa nakungoja wewe," akasema. "Yule mwingine simjui."

Basi nyinyi wazazi, msimvike mtoto kilemba cha ukoka. Siku akija kichwa wazi atashindwa kupita mlangoni. Nanyi mlio mbali, tumeni salamu hata kama hamna la kujivunia. Mama hangoji la kujivunia, anakungoja wewe.

Hadithi yangu imeishia hapo bwawani, sina nyingine mdomoni. Mwenye mama akamsalimu.