Bi Pimbi na Matikiti ya Usaili

Hapo zamani za kale (wewe huko nyuma, acha kumfinya mwenzako, sianzi mara mbili), wanyama walikuwa na chuo kikuu chao. Msicheke! Kilikuwa na madawati, kilikuwa na kengele, na mkuu wa chuo alikuwa nani? Simba, nani mwingine. Msajili wake alikuwa Fisi, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kila kitu daftarini, na kucheka kila Simba anapocheka.

Siku moja likabandikwa tangazo getini: "Anatakiwa profesa wa nadharia ya siasa." Ndiyo elimu ya kuuliza nani atawale, wanangu, na kwa nini wengine wamkubali.

Bi Pimbi alilisoma tangazo lile mara tatu. Alikuwa mdogo, ndoo ingeweza kumficha, lakini shahada alikuwa nayo. Na alikuwa na shida. Pale mbugani palikuwa na kisima kimoja tu cha maji ya kunywa, na Simba ndiye aliyegawa zamu za kunywa. Wakubwa walitangulia. Kiboko aliingia mzima mzima, chubwi! akajigaragaza humo mpaka ashibe. Wadogo walipofika walikuta uji wa matope. Mwezi mzima sasa binti yake, Sikudhani, alikuwa akiumwa tumbo kwa matope hayo, na mbavu zimeanza kuhesabika.

Profesa husikilizwa, aliwaza Bi Pimbi. Mama pimbi hasikilizwi na mtu.

Siku ya usaili akatoka asubuhi akiviringisha matikiti mawili kwa kichwa.

"Mama, unakwenda wapi na matikiti?" akauliza Sikudhani, amejilaza kivulini.

"Kutafuta maji, mwanangu."

Getini alimkuta Fisi.

"Heee! Bi Pimbi! Umekuja kuuza matunda?"

"Nimekuja kwenye usaili, Bwana Msajili."

"Shauri yako. Lakini nikuibie siri, dada yangu, nafasi ni ya Kiboko. Hapa tunatimiza taratibu tu." Akacheka peke yake mpaka akakohoa.

Desturi ya chuo kile ilikuwa hivi: kila mwombaji alifundisha somo moja hadharani. Wasaili, yaani Simba na Fisi, wakiliafiki, somo liliandikwa daftarini nao wakalipigia unyayo kama muhuri. Na lililopigiwa unyayo halikufutwa na yeyote, hata Simba mwenyewe.

Akaanza Kiboko. Akapiga mwayo, aaaah! ukumbi mzima ukaona magego.

"Siasa," akasema, "ni tumbo. Mwenye tumbo kubwa atangulie. Maswali?"

Nani angeuliza? Simba akapiga makofi, Fisi akapiga zaidi. Madirishani walijaa wanafunzi, sungura, panya buku, kanga, na hao hawakupiga kitu.

"Mwingine!" akanguruma Simba.

Bi Pimbi akaingia, matikiti yakitangulia, guru guru guru.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Somo langu ni la vitendo. Hapa tupo wanne: wewe, Bwana Msajili, Mzee Kiboko na mimi. Hili tikiti la kwanza ni letu sote. Nani atugawie?"

"Mimi!"

"Kwa nini wewe, Mheshimiwa?"

"Hivi huyu haoni? Kwa sababu mimi ni Simba!"

"Haya. Na ukishagawa, uchukue wa kwanza au wa mwisho?"

"Wa kwanza, bila shaka!"

Simba akatoa ukucha, chwaa! Pande moja likatoka kubwa, na vipande vitatu vyembamba vikaanguka pembeni. Akalibeba lile pande, akalimaliza kwa mafundo mawili, maji yakimchuruzika kidevuni.

Fisi akakitazama kipande chake. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, hakucheka. Kiboko ndiye aliyefura.

"Hiki nini? Mtu mzima kama mimi nipewe ganda?"

"Pole, Mzee Kiboko," akasema Bi Pimbi taratibu. "Sisi wengine tumezoea."

Madirishani wakaguna. Bi Pimbi akaona wakati umefika, akaligonga lile tikiti la pili kwa ukucha, ko ko.

"Hili nalo atagawa Mheshimiwa. Safari hii tutachagua sisi kwanza, yeye mwisho."

"Ndiyo!" akapiga kelele Kiboko.

"Ndi..." akasema Fisi, akameza lililobaki.

Simba akasimamisha manyoya. "Nani kanipangia?"

"Basi tuache, Mheshimiwa. Hata nje walisema huwezi. Wanasema ukucha wako ni wa kurarua tu, kupima haujui."

"Nani kasema? Leteni hilo tikiti!"

Lo, wanangu, mngemwona! Simba alifumba jicho moja. Alilizunguka tikiti, akapima kwa mkia, akafuta, akapima tena, jasho linamtoka. Alijua kitakachobaki ndicho chake. Chwaa, chwaa. Vipande vinne vikatoka sawasawa, hukijui kikubwa wala kidogo. Kila mmoja akachukua, Simba akachukua cha mwisho, na hakuna aliyenuna.

Madirishani wakapiga makofi. Simba hakuwahi kupigiwa makofi ya namna ile, ya watu wasioogopa. Akatabasamu hadi masikioni.

"Tuandike kanuni, Mheshimiwa?" akauliza Bi Pimbi. "Mgawaji achukue mwisho. Na kwa kuwa umeionyesha wewe, iitwe Kanuni ya Simba."

"Kanuni ya Simba," akarudia Simba, akionja utamu wake. "Msajili, andika!" Akapiga unyayo, papo hapo. Fisi akapiga wake.

"Ahsante, Mheshimiwa. Swali la mwisho la somo. Zamu za kisimani anagawa nani?"

Simba akamgeukia Fisi. Fisi akainamia daftari kana kwamba halijui. Dirishani kanga mmoja akapaza sauti, "Ni yeye mwenyewe, Simba!"

Bi Pimbi aliijua hatari. Simba angeweza kummeza papo hapo, likaisha, Sikudhani akabaki na matope yake. Akasubiri.

Simba akazunguka meza mara moja. Akazunguka tena. Ghafla akaangua kicheko.

"Kumbe rahisi! Kuanzia leo zamu sigawi mimi. Atagawa profesa wa nadharia ya siasa. Na profesa ni wewe! Utakunywa mwisho kabisa, nyuma ya Kiboko! Ha ha haaa!"

"Heee heee!" akaitikia Fisi.

"Umenipatia, Mheshimiwa," akasema Bi Pimbi, akainamisha kichwa.

Kesho yake asubuhi mbuga nzima ilikusanyika kisimani kumwona profesa akinywa tope. Bi Pimbi akapanda juu ya jiwe.

"Wadogo kwanza. Wakubwa watafuata. Kila mtu anywee ukingoni, mguu usiguse maji. Wa kuoga, bwawa lipo kule chini. Bwana Msajili, mifupa yako usiisuuze hapa tena."

"Mimi nisiingie?" akafoka Kiboko. "Kwa nini?"

"Kwa sababu wa mwisho kunywa ni mimi, Mzee Kiboko. Na mimi sinywi matope."

Kiboko akamgeukia Simba. Simba akaliangalia daftari kwapani mwa Fisi, akauona unyayo wake mwenyewe, mkubwa kama sahani. Akakunja miguu, akakaa kungoja zamu yake.

Sikudhani alikunywa katika kundi la kwanza. Alikunywa polepole, akatulia, akarudia. Mama yake alimtazama tu kutoka juu ya jiwe, koo limemkauka. Jua likapanda, mstari ukasogea, naye akangoja.

Mwisho Simba naye akanywea ukingoni, wakabaki wao wawili.

"Niambie ukweli," Simba akanong'ona. "Ulipotoka nyumbani na yale matikiti, ulijua nitakupa kazi?"

"Nilijua hutakubali kunywa mwisho, Mheshimiwa. Nikajiuliza mzigo huo utamtupia nani."

Akashuka kwenye jiwe, akainama. Maji yalikuwa maangavu, aliona changarawe chini. Akanywa.

Hadithi imekauka kama koo la mwenye kuisimulia, hebu nipeni kikombe. Na funzo lake ni hili, wanangu: anayewagawia wengine naye apokee wa mwisho, ndipo atakapogawa kwa haki.