Mtoto wa Kuazima

Haya jamani, masikio!
— Tumeyaleta!
Na midomo?
— Tumeifunga!
Ifungueni kidogo, maana kuna mahali mtaniitikia. Nikisema "Zawena, cheka", ninyi mnasemaje?
— Cheka!
Basi kaeni vizuri, niwape.

Hapo kale, si kale sana wala si juzi, paliondokea binti mmoja jina lake Sikudhani. Mgongoni alikuwa na mtoto, jina lake Zawena. Miezi minane, mnene, meno mawili, na kicheko kikubwa kuliko yeye mwenyewe. Baba wa mtoto je? Nilijua mtauliza. Baba wa mtoto alisema anakwenda kununua chumvi, atarudi kesho. Hiyo kesho tunaingoja mpaka leo.

Kwao Sikudhani maneno yalikuwa mengi. Kisimani wanamsema, shambani wanamsema, jikoni kwa mama yake mzazi wanamsema. Siku moja akachoka. Akamfunga Zawena mgongoni kwa kanga kuukuu, akaondoka. Akaenda, akaenda, akaenda. Akavuka mto, akapanda kilima, akapita msitu wa mianzi. Nyuma ya mianzi akakuta kijiji. Kijiji kinaitwa Mlangoja.

Watu wa Mlangoja walikuwa wema. Wema kupita kiasi, na wema huo ndio uliotaka kumponza, mtaona. Hata hajatua mzigo, huyu kamletea maji, yule kamletea uji, mwingine anampepea. "Karibu mgeni! Pole mgeni! Keti mgeni!"

Akapelekwa kwa mkuu wa kijiji. Mkuu alikuwa mwanamke, Bi Mwanatenga, mrefu, mkavu, ukimwona ameketi utadhani kameza mchi. Akamtazama Sikudhani, akamtazama Zawena. Zawena akamchekea. Bi Mwanatenga hakucheka.

"Mwanangu, umekuja kupita au umekuja kukaa?"

"Kukaa, mama, mkinikubali. Sina pengine."

"Basi sikiliza. Hapa kwetu kuna desturi. Mgeni anakuwa mwenzetu siku nyumba tatu zikienda kuazima kwake. Mtu anapiga hodi, anasema kwa mdomo wake: naazima, nitarudisha. Tulichokupa sisi wenyewe hakihesabiwi. Na nyumba ya tatu sharti iwe ya mkuu wa kijiji, yaani hii. Ukizipata tatu kabla mwezi mwingine haujaandama, tunakupa kiwanja, unajenga. Usipozipata, tunakufungia chakula cha njiani na kukusindikiza kwa ngoma mpaka kijiji cha mbele."

"Na kama sina kitu, mama?"

"Utajua mwenyewe," akasema Bi Mwanatenga.

Akapewa kibanda. Jirani yake, Bi Kuruthumu, mama mnene mwenye huruma, akaja kumnong'oneza. "Mgeni, nisikufiche. Tangu huyu mama ashike ukuu, miaka kumi na miwili, hajabaki mgeni hata mmoja. Si roho mbaya, hapana. Ila Bi Mwanatenga haazimi! Kwake vinu viwili, nyungo saba, na sindano ya akiba nayo ina sindano yake ya akiba. Aazime nini?"

Sikudhani aliogopa. Lakini alikuwa binti wa kujaribu. Akaenda mwituni, akaokota mti, akachonga mwiko. Mwiko mzuri, laini. Akautundika mlangoni. "Majirani, mwiko huo, karibuni!"

Watu wakaona. "Masikini wa Mungu, ana mwiko mmoja tu!" Nani atauazima mwiko wa pekee wa mgeni? Wakamletea miwili.

Akafunga ufagio. "Majirani, ufagio huo!" Masikini, ana ufagio mmoja! Wakamletea mitatu.

Akasuka kawa ya kufunikia chakula, kwa ukili wa rangi. Masikini, ana kawa moja! Wakamletea tano, na kuku juu yake.

Mnacheka? Sikudhani hakucheka. Kibanda kilijaa vitu mpaka yeye na mtoto wanalala wamejikunja, na kati ya vitu vyote hivyo hakuna hata kimoja cha kuhesabiwa. Akamkumbatia Zawena, akasema, "Mwanangu, hawa watu watatuhurumia mpaka watufukuze." Akalia kidogo. Zawena akadhani ni mchezo, akacheka.

Sasa, kila asubuhi Sikudhani alikwenda mtoni na mtungi kichwani na mtoto mgongoni, na njiani alimwimbia. Haya, nisaidieni.

Zawena, cheka!
— Cheka!
Maji hayo, cheka!
— Cheka!
Jua hilo, cheka!
— Cheka!

Na Zawena anacheka kweli, kijiji kizima kinasikia.

Asubuhi moja anapita kwa Bi Kuruthumu. Huko kuna wakazamwana wawili, wake wa wanawe, na wakazamwana hao walikuwa na kinu kimoja. Kila siku vita. "Nimeanza mimi!" "Umeanza wewe nini, na mtama wangu umo?" Mmoja akapiga ukelele, Zawena akacheka. Mwingine akajibu kwa ukelele mkubwa zaidi, Zawena akacheka zaidi, na miguu anaitupa. Wale wawili wakatazamana. Mtagombanaje mbele ya mtu anayewashangilia? Wakaona haya, wakaanza kutwanga kwa zamu.

Kesho yake vita vimeanza tena, Bi Kuruthumu huyo mbio mpaka kibandani, ushungi umemdondoka.

"Hodi! Hodi mgeni! Naazima mtoto! Nitamrudisha!"

Sikudhani akakaza kanga. Tangu amzae hakuwahi kumtoa mgongoni kumpa mtu mwingine. Hiki ndicho kitu pekee alichokuwa nacho duniani. Atampa watu aliowajua siku tisa? Akamtazama mama yule, jasho linamtoka, macho yanaomba. Akamfungua Zawena taratibu. Akampa. Kisha akaenda kujificha nyuma ya ua wa mabua, akachungulia mpaka adhuhuri. Nani kati yenu angefanya vingine?

Huko Mlangoja ukiazima chombo cha mtu huoni raha kukirudisha kitupu, utatia hata mihogo miwili. Zawena naye alirudishwa amejaa. Tumbo kama ngoma.

Maneno yakazuka barazani. "Mtoto si chungu!" "Mtoto haazimwi!" Wakaenda kwa Bi Mwanatenga.

Bi Mwanatenga akauliza, "Aliombwa kwa mdomo?"

"Aliombwa."

"Akarudishwa?"

"Akarudishwa."

"Tulimpa sisi?"

Hapo wakacheka. "Hapana, alikuja naye!"

"Basi nyumba moja," akasema Bi Mwanatenga, na uso wake mkavu vilevile.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Mzee Kitwana. Mzee huyu, tangu jino lake la mwisho lidondoke, alisusa uji. Anasema uji ni chakula cha watoto, yeye ni mwanamume. Amebaki mifupa. Binti yake akaja kubisha kwa Sikudhani, "Naazima, nitamrudisha." Zawena akaketishwa mbele ya mzee, bakuli katikati. Zawena akafungua kinywa, meno mawili. Mzee akafungua chake kumwonyesha, meno hakuna. Zawena akacheka mpaka akapinduka.

"Unanicheka mimi?" mzee akasema. "Una meno mangapi wewe? Leta kijiko!" Wakala kwa kushindana, kijiko huku, kijiko kule, mpaka bakuli likakwanguliwa. Nyumba ya pili!

Ikabaki ya tatu, na zimebaki siku nne tu.

Kijiji chote hakilali. Kina mama wanamfuata Sikudhani mtoni. "Utafanyaje?" Mmoja akasema, "Nikamwibie nyungo zake saba?" Wakamkemea. Sikudhani akajitwika mtungi wake. Lakini alikuwa ameona jambo. Kila asubuhi akipita kwa Bi Mwanatenga, yule mama hukaa uani akipepeta, mgongo njiani, hageuki. Zawena akipita akicheka, ungo unasimama. Zawena akisha kupita, ungo unaendelea. Siku zote hivyo. Mtu apepete kila asubuhi ya Mungu, mchele huo wa nani?

Siku ya kwanza kati ya zile nne, Sikudhani hakupita njia ile. Akazunguka kwa juu, kwenye mianzi, kimya kimya, bila wimbo.

Bi Mwanatenga akapepeta, akangoja. Kimya. Akatoka mlangoni. "Jamani, hamkumwona kuku wangu mweupe?"

"Huyo hapo miguuni kwako, mama."

"Aa."

Siku ya pili, kimya. Akatoka mpaka njiani. "Hamkuona upepo ulivyopeperusha kanga yangu?"

"Umeivaa, mama."

"Aa."

Siku ya tatu, kimya. Akafika mpaka njia panda, akasimama, anatazama huku, anatazama kule. Watu wakamwuliza, "Leo kimepotea nini, mama?" Akarudi ndani, akafunga mlango.

Siku ya nne ikafika, siku ya mwezi kuandama. Watu wakakusanyika uwanjani. Ngoma ya kusindikiza ikaletwa na mpigaji wake analia. Chakula cha njiani kikafungwa. Bi Kuruthumu anapenga kamasi, wakazamwana wake wameshikana mikono, Mzee Kitwana amesusa tena, safari hii kasusa kusimama.

Bi Mwanatenga akasema, sauti inakwaruza, "Sikudhani, nyumba ni mbili. Desturi ni desturi."

"Sikatai, mama. Mmenitendea wema." Hakulia, hakuomba. Akambeba Zawena kiunoni, akaanza kuaga, mmoja mmoja, mkono kwa mkono. Akafika kwa Bi Mwanatenga.

Zawena akamwona. Looo! Siku tatu hajamwona! Akacheka kicheko kile chote, akanyoosha mikono miwili.

Sikudhani akamhamishia kiuno cha pili, upande wa huko.

"Mwache anishike," akasema Bi Mwanatenga.

"Samahani mama, jua linapanda, tuna safari."

Bi Mwanatenga akazunguka upande wa pili. Sikudhani akamrudisha mtoto upande wa kwanza.

"Anataka kuja kwangu, humwoni?"

"Namwona, mama. Safari ndefu."

Bi Mwanatenga akazunguka tena. Mwanamke mzima, mkuu wa kijiji, anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia! Zawena anachungulia bega hili, anachungulia bega lile, anacheka mpaka hana pumzi.

"Nipe mtoto, wewe! Kidogo tu! Nitamrudisha!"

Mpigaji ngoma akafuta machozi, akasogea karibu.

"Umesemaje, mama?" Sikudhani akauliza, taratibu.

Bi Mwanatenga akashusha mikono. Akawatazama watu. Watu wakatazama miguu yao. Angeweza kukana. Nani angembishia? Angesema, nilikuwa nataka kumuaga tu, mambo yakaisha, na njia ikawa nyeupe. Akamtazama Zawena. Kisha akanyooka, urefu wake wote, akapaza sauti mpaka mianzi ikasikia.

"Naazima! Mimi Mwanatenga, naazima mtoto! Nitamrudisha! Mmesikia, au niwarudieni?"

Vigelegele! Ngoma ya kusindikiza ikapigwa ngoma ya harusi. Chakula cha njiani kikafunguliwa, kikaliwa pale pale. Bi Kuruthumu akacheza mpaka ushungi ukaenda zake.

Na Bi Mwanatenga? Alikwisha kutoweka na mtoto. Wakangoja. Jua likafika kichwani, hajarudisha. Jua likainama, hajarudisha. Mzee Kitwana akasema, "Mwenye kuazima mara ya kwanza hajui kurudisha, mfundisheni!" Alasiri ndipo akatokea, kanga imelowa mkojo wa Zawena, uso umelainika. Zawena kashika udongo mkono huu, udongo mkono ule, na mwingine umo kinywani.

"Huo ni udongo wa kiwanja chenu," akasema Bi Mwanatenga. "Kipo ubavuni pa ua wangu. Mwambie mwanao asikile chote."

Sikudhani akamkimbilia. Akamwangukia yule mama kifuani, akalia kwa furaha, na Bi Mwanatenga akampigapiga mgongoni kama mtu anayekung'uta mkeka. Ndivyo alivyojua kubembeleza.

Nyumba ikajengwa na kijiji kizima. Wakahamia. Siku moja asubuhi Sikudhani akaosha vyombo, akatoka, akayamwaga maji mlangoni, pwaa!

"We Sikudhani!" Sauti hiyo, juu ya ua. "Ndiyo nini kumwaga maji ya vyombo njiani? Unataka tuteleze tuvunjike viuno? Huna macho? Umelelewa wapi wewe?"

Sikudhani akasimama mlangoni, sufuria mkononi. Tangu aingie Mlangoja, ilikuwa karibu mgeni, pole mgeni, keti mgeni. Hakuna aliyewahi kumpazia sauti. Na leo kagombezwa, kwa jina lake, asubuhi na mapema, majirani wote wanasikia. Nani humgombeza mgeni?

Akacheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Samahani, mama!" akajibu kwa sauti. "Naleta mchanga nifukie!"

"Na uharakishe!" akasema Bi Mwanatenga.

Nami ngano yangu naitua hapa, mabega yamechoka. Aliyeipenda aibebe kwake, aliyesinzia asiulize.
Masikio?
— Yameshiba!
Basi yapelekeni nyumbani.