Tashwishi, Farasi wa Mkunga

Paukwa!

Mmeitika kama watu walioshiba wali. Hebu tena, aliye karibu na moto na aliye mbali. Paukwa!

Pakawa!

Naam, hiyo ndiyo pakawa. Sogezeni kuni, nami nisogeze maneno.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo wanyama walikuwa bado hawajachoka kuzungumza nasi, palikuwa na mkunga katika mji wa Kiwandeo, jina lake Bi Mwanakheri. Mikono yake ilikuwa miepesi, na karibu kila aliyezaliwa mjini hapo alipokewa na mikono hiyo. Lakini miguu yake ilikuwa mizito. Ilivimba, hasa wakati wa masika, ikawa kama mihogo iliyolowekwa. Kufika kijiji cha jirani kulimchosha kuliko huyo anayekwenda kumzalisha.

Basi siku moja mke wa Jumbe alijifungua salama, na Jumbe akamwambia Bi Mwanakheri kwamba zawadi yake ni farasi. Kiwandeo nzima hapakuwa na farasi mwingine. Bi Mwanakheri alishukuru mpaka akakosa maneno. Kilichomshangaza kidogo ni kwamba Jumbe alimfungua farasi yeye mwenyewe, akamsukuma nje yeye mwenyewe, kisha akafunga lango na kulitia komeo. Alimsikia akicheka huko ndani, akadhani ni furaha ya kupata mtoto.

Farasi huyo aliitwa Tashwishi. Rangi yake ilikuwa ya halua, shingo ndefu, macho makubwa yenye kope za bibi harusi, na ukiinamia shingo yake ulisikia harufu ya nyasi zilizopigwa jua. Bi Mwanakheri alipopanda tu, alijua kwamba maisha yake yote alikuwa akiutazama mji kutoka chini. Sasa aliona juu ya nyua za watu. Alimwona anayekaanga samaki na jana alisema hana kitu. Alimwona aliyemficha mbuzi wa mwenzake chini ya kitanda cha nje. Alimwona mwalimu wa madrasa akijifunza kucheza ngoma peke yake. Upepo ukamwingia kwenye buibui, miguu ikaning'inia bila kuuma, akahisi raha ambayo hajaionja tangu usichana.

Raha hiyo ilifika mpaka kwenye kona ya kwanza.

Penye kona palikuwa na chungu kilichofudikizwa juani kikauke. Tashwishi alikaza miguu yote, akainua masikio, akauliza, "Nani huyo?"

Bi Mwanakheri akamwambia si mtu, ni chungu.

"Simjui. Siendi."

Akamvuta, hakwenda. Akamsihi, hakwenda. Akamwita mumewe, Mzee Feruzi, mshona kofia, mtu mpole asiyepiga hata nzi. Mzee Feruzi akaja na kofia yake mkononi, akasukuma kwa nyuma. Tashwishi akaona uzito umemzidi, akaketi. Akamketia Mzee Feruzi. Watu walikusanyika, wengine wakashauri, wengine wakaleta viti. Farasi alipoinuka alasiri, Mzee Feruzi alitoka chini yake akiwa mzima, na kofia imekwisha kushonwa.

Kesho yake ilikuwa ni kanga iliyoanikwa. "Nani huyo? Simjui. Siendi." Siku iliyofuata ilikuwa ni kivuli chake mwenyewe. "Nani huyo? Simjui. Siendi." Na safari hiyo walisimama hapo mpaka jua likawa utosini na kivuli kikaondoka chenyewe.

Punda wa jirani, aliyekuwa akipita na madumu ya maji, alimwambia Bi Mwanakheri kwamba dawa ya farasi ni fimbo. Bi Mwanakheri hakupenda, lakini alikwenda akakata moja. Tashwishi aliitazama ile fimbo, akasema hamjui, akarudi nyuma kinyumenyume mpaka ndani ya nyumba, akatokea upande wa pili na kabati la vyombo.

Mbuzi akasema dawa ni njaa, farasi asipokula atanyenyekea. Wakamnyima nyasi. Tashwishi hakulalamika. Alinyoosha shingo akala makuti ya paa, kwa utaratibu, kuanzia juu ya kitanda, na mvua ya usiku huo Bi Mwanakheri na mumewe waliipokea kama wageni wa heshima, ana kwa ana.

Ikabaki kumrudisha. Bi Mwanakheri alimkokota hadi kwa Jumbe, akabisha hodi. Sauti ya Jumbe ikajibu kutoka nyuma ya lango kwamba Jumbe hayupo. Bi Mwanakheri akauliza amekwenda wapi. Sauti ikafikiri kidogo, ikasema Jumbe amekufa, na kabla ya kufa aliacha neno kwamba zawadi hairudishwi.

Walipokuwa wakirejea, wakakutana tena na kile chungu pale konani. "Nani huyo?" akauliza Tashwishi. Bi Mwanakheri alikuwa amechoka. Hakuwa na nguvu ya kuvuta wala ya kugomba. Akasema kwa uchungu, kama anayemjibu mtoto msumbufu, kwamba huyu ni chungu cha Bi Zuena, kimefinyangwa hapa hapa, kinapikiwa kunde, kina ufa mdogo upande wa kushoto na hakina ubaya na mtu.

"Hujambo, chungu," akasema Tashwishi, akapita.

Bi Mwanakheri nusura aanguke. Kumbe farasi wa watu hakuwa mkaidi. Hakuwa amejulishwa.

Tangu siku hiyo akaanza kazi ya kumjulisha. Hili ni jani la mkwaju, limeanguka lenyewe. Hii ni kanga ya mke wa Mshangama, ina doa la mchuzi. Hiki ni kivuli chako, mmezaliwa siku moja. Tashwishi aliamkia kila kitu kwa adabu, na akishakijua kitu hakukisahau, kesho yake alikiulizia hali. Mzee Feruzi alimpenda kabisa. Walikaa pamoja uani mchana kutwa, mmoja anashona, mwingine anamwulizia sindano kama imepumzika.

Lakini kwa mkunga jambo hilo lilikuwa balaa. Safari ya kufika mtaa wa pili ilichukua asubuhi nzima ya kuamkiana. Wanawake hawakuweza kumngoja. Kila alipofika alikuta mtoto ameshazaliwa, ameshapewa jina. Penginepo alimkuta mtoto ameketi mkekani anakula uji, akamwambia, "Shikamoo, bibi, umechelewa." Bi Mwanakheri alirudi nyumbani na mikono yake mitupu mapajani, na alipomtazama farasi wake alitamani kumkumbatia na kumtupa kisimani kwa wakati mmoja.

Masika yakaingia. Asubuhi moja kunguru alitua kwenye kile kilichobaki cha paa, akauliza kama hapa ndipo kwa Bi Mwanakheri. Alikuwa ametoka Mkungumani, ng'ambo ya mto, alikoolewa Tausi, mtoto wao wa pekee. Kunguru akasema Tausi ameshikwa na uchungu tangu jana, mtoto hatoki, nguvu zinamwishia, na mkwewe Bi Masika amekwisha soma dua zote anazozijua na sasa anazirudia.

Mzee Feruzi alidondosha sindano. Bi Mwanakheri alisimama, na miguu yake, iliyokuwa imevimba tangu mvua ya kwanza, ikakataa kumbeba. Akaketi tena. Kisha akamwambia mumewe, kwa sauti ndogo, alete farasi.

Wakaondoka wawili, yeye na Tashwishi. Bi Mwanakheri alijulisha mbiombio, ulimi ukimkauka. Hili ni dimbwi, ni la jana. Huyu ni konokono, ana haraka zake. Hiki ni kichuguu, wenyewe wamo ndani. Tashwishi akasimama mbele ya kichuguu, akataka kujua wenyewe ni wangapi na kama wako wazima wote. Hapo Bi Mwanakheri alifungua mdomo, maneno hayakuja. Yalikuja machozi.

Farasi aligeuza shingo. "Bibi, hayo maji yanayokutoka nani? Siyajui."

"Ni machozi."

"Yanatoka wapi?"

"Kwenye hofu. Mwanangu anazaa na sijui nitamkuta hai. Naogopa, Tashwishi."

Tashwishi aliyatazama yale machozi. Huenda hakuwahi kusikia kwamba kuna mwingine anayeogopa. "Unaogopa usichokijua," akasema.

"Ndiyo."

"Na bado unakwenda. Kwa nini?"

"Kwa sababu huko yuko mtu anayenijua mimi," akasema Bi Mwanakheri. "Ananiita."

Farasi aliyafikiri hayo mpaka ngozi ya shingo ikamtetemeka. Kisha akasema, "Basi nijulishe yeye."

Bi Mwanakheri akajifuta uso, akaanza. Akasema mwanangu anaitwa Tausi. Alizaliwa mdogo kama panya buku, watu wakasema hatafika Ijumaa, akafika. Tashwishi akapita kichuguu. "Ikawaje?" Alikula udongo mpaka akafikia umri wa kuulizwa kwa nini, akajibu kwamba una chumvi. Tashwishi akaanza kutimka. "Ikawaje?" Aliogopa kuku. Hakuogopa nyoka, hakuogopa fisi, aliogopa kuku, na siku ya harusi yake jogoo aliingia ndani na bibi harusi akatoka kupitia dirishani. "Ikawaje?" akauliza Tashwishi, na sasa alikuwa akikimbia kweli, kwato zikirusha matope, masikio yote mawili yameelekea nyuma kwa msimuliaji, macho hayatazami chochote.

Mto ulikuwa umejaa hadi kingo. Farasi aliingia majini akiuliza kama bwana harusi alikasirika. Kiboko alipanua kinywa njiani. Tashwishi alimkanyaga kichwani, akaendelea, akisubiri jibu. Walitokea ng'ambo wakichuruzika, na Bi Mwanakheri hakuthubutu kunyamaza hata kumeza mate.

Mbele, katikati ya njia, alikuwa amesimama simba. Akanguruma, majani yakapukutika.

"Samahani," akasema Tashwishi, "tunazungumza." Akampita.

Simba alibaki mdomo wazi. Katika maisha yake alikuwa amekimbiwa, amerushiwa mikuki na ameombwa huruma, lakini hakuna aliyepata kumwambia samahani. Akawafukuza, akafika ubavuni mwao akihema.

"Mimi ni simba," akasema.

Bi Mwanakheri akamwambia angoje zamu yake.

"Lakini mimi ni simba."

Akamwambia ndiyo, amesikia, angoje. Akaendelea kusimulia jinsi Tausi alivyobembelezwa akashuka kwenye paa la jikoni akiwa na hina mikononi. Simba akakimbia pamoja nao, uso umenuna. Baada ya kitambo aliuliza, kwa sauti ya chini, kuku alimfanya nini hasa huyo mtoto.

Hivyo ndivyo walivyoingia Mkungumani, farasi, mkunga na simba, wote watatu wakiwa katikati ya hadithi.

Bi Masika alikuwa uani akichochea moto wa maji. Hakuwa na nafasi ya kushangaa. Alimshusha Bi Mwanakheri, akamwonyesha mlango, kisha akamwambia yule mwenye nywele nyingi asogee, anauzibia moto upepo, na kama hana kazi akae pale apepee. Simba akakaa, akapepea kwa mkia.

Ndani, Tausi alikuwa amelala ubavu, midomo imepauka. Alipomwona mama yake alifumba macho kama mtu aliyetua mzigo. Bi Mwanakheri aliosha mikono, akapapasa tumbo, akajua. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, ametanguliza miguu. Aliogopa, na mikono ikaendelea na kazi. Akamgeuza polepole, kidole kwa kidole, akimwambia Tausi apumue, asisukume, bado, bado, haya sasa. Ilichukua muda mrefu. Bi Masika aliingia na maji, akatoka, akaingia. Mara mbili Tausi alilegea, na mara mbili mama yake alimwita kwa jina mpaka akarudi. Kisha kilio kikatoka, chembamba na cha hasira, na simba huko nje akaacha kupepea.

Alikuwa mtoto wa kike. Bi Mwanakheri alimfunga kwenye kipande cha kanga, na Tausi alipokwisha kumshika na kumbusu na kulia, akamtoa mlangoni apate hewa. Bi Masika alikuwa akimpa simba uji kwenye bakuli, akimwuliza kwao wapi na wazazi hawajambo, na simba akijibu kila swali kwa unyenyekevu, kwa kuwa hajawahi kuulizwa. Alipomaliza uji aliaga kwa mikono miwili, akaenda zake.

Tashwishi aliinamisha kichwa mlangoni kumtazama mtoto. Alikuwa bado hajatamka neno, mtoto akanyoosha mkono, akakamata sikio lake, akalikaza.

Farasi mzima alitetemeka kuanzia kwato. Bi Mwanakheri alingoja aruke, au aketi, au abomoe nyumba. Hakuruka. Alisimama. Nzi walimtua usoni, akasimama. Bi Masika alimletea nyasi, akasimama. Jua lilisogea kutoka kizingitini hadi kwenye pipa la maji, Bi Masika akaanika kanga kwenye mgongo wake, naye akasimama, kichwa chini, pumzi kaivuta kidogo kidogo asimpulizie mtoto usoni.

Tausi, kutoka kitandani, aliuliza kwa uchovu huyo ni farasi wa nani.

"Ni wangu," akasema Bi Mwanakheri, na akanyoosha miguu yake iliyovimba kwenye kizingiti.

Mtoto akalala. Vidole vyake vikalegea, mkono ukaanguka kifuani. Lakini Tashwishi aliliacha sikio lake pale pale, asije mtoto akaamka akalitafuta.

Hadithi yangu imefika hapo, nayo imechoka safari, imeketi. Anayeitaka na aiwekee nyasi.