Kiti Kimoja, Wanafunzi Wawili

Chumba cha mwalimu wa piano kilikuwa juu ya duka la viatu, na kila alasiri wateja waliokuwa wakijaribu viatu chini walisikia makosa ya wanafunzi wa rika zote. Mdogo kuliko wote alikuwa msichana wa miaka saba aliyepewa jina la Sisimizi kwa sababu hakujua kutulia. Mkubwa kuliko wote alikuwa Babu Fundi, mshonaji mstaafu wa miaka sabini na minne.

Babu Fundi hakwenda pale kupoteza wakati. Mkewe alikuwa na wimbo mmoja aliouimba kwa sauti ya chini tangu walipooana. Mzee alikuwa amemwahidi kwamba siku watakayotimiza miaka hamsini ya ndoa, ambayo mwaka huo iliangukia siku ya tamasha la wanafunzi, angempigia wimbo huo mbele ya watu. Na ahadi, wahenga walisema, ni deni.

Mkono wake wa kushoto ulimtii. Wa kulia, uliokamata mkasi miaka arobaini, ulikuwa umekakamaa, vidole vikienda vyote pamoja kama kondoo. Zaidi ya hayo, kila wimbo ulipomkolea, mguu wake ulikanyaga kikanyagio cha piano upesi upesi bila kupumzika.

"Babu, hii si cherehani!" mwalimu alimwambia, akicheka hadi machozi yakamtoka.

"Nisamehe, mwanangu. Mguu huu bado haujaambiwa kwamba nimestaafu."

Zamu ya Sisimizi ilifuata ya mzee, naye alisikiliza mlangoni mpaka akaujua wimbo wote. Siku moja aliingia bila kuitwa.

"Shikamoo, babu. Wewe piga kushoto, mimi nipige kulia. Mkono wangu wa kushoto haunisikii hata nikiugombeza."

"Marahaba, mjukuu wangu. Lakini mke ni wangu, na wimbo nitaupiga mwenyewe."

Sisimizi alinuna, akavuta mdomo.

Siku ya tamasha ukumbi ulijaa pomoni. Mke wa Babu Fundi alikaa mstari wa mbele, amevaa gauni lililoshonwa na mumewe. Mzee alianza vizuri kabisa. Wimbo ulipofika mahali pa kupanda juu, vidole vya kulia viligoma. Akarudia mwanzo, vikagoma tena. Akajaribu mara ya tatu, ikawa yale yale. Kijasho chembamba kilimtoka, akatamani ardhi ipasuke immeze. Alimtazama mkewe, akaona jinsi alivyofumbata viganja kwa kumwonea huruma, na hilo likamuuma kuliko aibu yenyewe.

Kando ya jukwaa aliketi Sisimizi akisubiri zamu yake. Kiburi na mapenzi vilipigana mieleka katika moyo wa mzee, na mapenzi yakashinda.

"Mjukuu wangu," aliita watu wote wakisikia, "njoo unisaidie. Peke yangu nimeshindwa."

Sisimizi hakutembea, alikimbia. Mzee akajisogeza, wakabanana kwenye kiti kimoja, yeye kushoto, mtoto kulia. Wimbo ukatoka mzima, ukapanda pale ulipokwama, ukashuka taratibu. Ulipomkolea mzee, mguu nao ukaanza mambo yake.

"Babu, mguu!" Sisimizi alinong'ona kwa sauti iliyofika hadi mstari wa nyuma.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Katikati ya kicheko hicho mke wa Babu Fundi alisimama, na wimbo alioufanya siri ya nyumbani kwa nusu karne akauimba kwa sauti yake yote. Furaha iliyoje! Mwalimu alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha.

"Miaka hamsini nimengoja," bibi alimwambia mumewe, akimkumbatia Sisimizi, "kumbe ulikuwa unamngoja mwenzako azaliwe!"

Babu Fundi alicheka, akakubali mbele ya wote: kidole kimoja hakivunji chawa.