Mtoto wa Bingwa Kimondo

Nani hapa hajawahi kumwinamia mtoto wa watu akasema, "Huyu baba yake mtupu," huku moyoni anajua hata kucha hazifanani? Inua mkono nikuone. Hakuna. Basi tumo wote.

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa mnaitikia kama mmelazimishwa. Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na uwanja wao wa mbio na wazee wa kuusemea, aliishi farasi dume aliyeitwa Kimondo.

Kimondo alikimbia, hilo tusimnyime. Patu patu patu, mzunguko wa kwanza yuko mbele. Patu patu patu, mzunguko wa pili wenzake wanakula vumbi. Mbio kumi na nne, hakushindwa hata moja. Na kila akishinda, Mzee Beberu, mbuzi mwenye ndevu za kufagia magoti, alipanda kichuguu akasoma nasaba: Kimondo bin Radi bin Tufani bin Kimbunga, mpaka watoto wasinzie. Mzee Beberu ndiye aliyetunza nasaba za farasi wote. Yeye mwenyewe baba yake hamjui, lakini hakuna aliyemuuliza.

Miguu ikachoka. Wazee wakaamua bingwa aache kukimbia, aanze kuzaa mabingwa. Akapewa zizi lenye kivuli, nyasi za kuchaguliwa, na kazi moja tu. Majike tisa bora wa uwanda wakapelekwa kwake. Mwaka ukaisha. Matumbo tisa, yote bapa kama ungo.

Wazee wakakaa kikao. Mnadhani walimtazama Kimondo? Thubutu. Walisema huyu alikunywa maji baridi mno. Yule alicheka sana siku ile. Wa tatu alimtazama bingwa machoni, jambo lisilo na adabu. Ikapitishwa kwamba jike aliyepewa heshima ya Kimondo akarudi mtupu, akatwe singa za mkia. Kwachu, kwachu, kwachu, mikia tisa.

Na farasi mkia wake ni wa nini? Wa kufukuzia nzi. Majike tisa wakarudi malishoni na vigutu, nzi wakafanya karamu. Nziii. Wanatikisa vigutu, nzi hawajali. Mmoja wao vidonda vilimwoza, akafa masika yale. Kimondo alituma salamu za rambirambi.

Mwaka wa pili wakapelekwa wengine, na kati yao Zamda, jike mweupe mwenye maneno machache. Akakaa kwa Kimondo siku zake, akarudi. Mwaka ulipotimia, wenzake wote wakakatwa singa. Zamda peke yake akazaa, tena mtoto dume.

Vigelegele. Uwanda mzima ukaja kumwona mtoto. Wakatazama. Wakatazama tena.

Mtoto alikuwa na masikio. Najua, farasi wote wana masikio. Lakini haya yalikuwa masikio, yamesimama kama majani mawili ya mgomba. Singa za shingo zimekaa kama brashi. Akafungua kinywa kuwasalimu wageni.

"Hiii-hoo."

Mzee Beberu akakohoa. Akaeleza, kwa maneno marefu, kwamba ubingwa ukizidi katika damu hupanda masikioni. Wanyama wakapumua. Pundamilia akasema hata yeye alitaka kusema hivyo hivyo. Twiga akasema pua ni ya Kimondo, haina ubishi. Kimondo mwenyewe alimzunguka mtoto mara mbili, akaridhika, akasema utotoni naye alilia hivyo. Na Punda, aliyewaletea wageni maji, alikuwa amesimama pale pale na viriba mgongoni. Hakuna aliyemtazama. Nani humtazama punda?

Sasa sikilizeni ubaya ulipoanzia. Wazee walisema, si mnaona, bingwa anazaa. Basi anayerudi mtupu kosa ni lake, na adhabu iongezwe. Zisikatwe singa tena. Ukatwe mkia wenyewe, na mfupa wake.

Mwaka wa tatu akapelekwa Hasina, mdogo wake Zamda, tumbo moja. Kabla hajaondoka alimuuliza dada yake alifanyaje. Zamda akamwambia amwombe Mungu. Hasina akaomba. Akarudi mtupu.

Siku ya kukatwa walimfunga nguzoni. Mzee Beberu akanoa kisu, shwee, shwee. Hasina hakulia. Alimtazama dada yake tu. Zamda akamtazama mwanawe, ambaye nasaba yake ilikuwa imesomwa kichuguuni asubuhi ile ile. Akisema, mtoto atafutwa katika nasaba hiyo na kutwishwa viriba, na yeye mwenyewe atafuata nguzoni. Asiposema, mkia wa Hasina huo.

"Babu Beberu, hebu weka kisu chini," alisema.

Mzee akamjibu kwamba yeye alishabarikiwa, asiingilie mambo ya matasa.

"Nilibarikiwa, ndiyo. Si na Kimondo."

Twiga akaanza kuchunguza mawingu. Kimondo akasema huyu mama kachoka na jua, mtoto ana masikio yake kabisa.

"Baba Kimondo, huna mtoto," Zamda akasema taratibu. "Nilitoka kwako mtupu kama wenzangu wote. Nikamfuata Punda kisimani, mchana kweupe, kwa sababu niliupenda mkia wangu. Mlipousifu uongo nikanyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kulikomfunga mdogo wangu hapo. Nimefanya mimi."

Mzee Beberu akaweka kisu chini, na kwa mara ya kwanza uwanda mzima ukageuka kumtazama Punda.

Funzo ni hili, nalisema wazi ili asije mtu kulitafutia masikio mengine: mkiogopa kumwambia mkubwa kwamba kosa ni lake, mtamkata mkia asiye na kosa, na mtampigia mkubwa vigelegele.

Hadithi yangu imekomea hapo, na mdomo wangu naufunga.