Pumzi za Bi Nyamizi

Asiye na mapafu hapangi mikato. Mmewasikia wapishi wakimwambia hivyo bwana yule aliyekaa kitini akiwakataza kupumzika, mkacheka, sasa mnaniuliza methali hiyo ilitoka wapi. Ilitoka hapa hapa Tabora, kwenye redio yetu ndogo, nami nilikuwa nimekaa mbele ya mitambo.

Bi Nyamizi ndiye aliyesoma matangazo ya vifo. Mnajua matangazo yetu yalivyo: ukoo mzima utajwe, wa Sikonge, wa Urambo, mashemeji mpaka watani. Ukimruka mmoja, msiba unageuka ugomvi. Naye alikuwa na pumu. Kwa hiyo kwenye maandishi yake alitia mikato, yaani koma, mingi kuliko inavyofundishwa darasani, na kila mkato ulikuwa pumzi yake.

Akaletwa Masele, fundi wa kompyuta, na programu yake ya kuonyesha maandishi kwenye skrini. Programu hiyo ikikutana na mkato inadhani tangazo limekwisha, inafuta yaliyobaki. Badala ya kuirekebisha, Masele akatukataza sisi: mkato usionekane tena. Meneja akaongeza kwamba atakayeuweka atafukuzwa kazi. Hasira ya siku ile ninayo hadi leo.

Bi Nyamizi alijaribu kutii, maana kazi aliitaka. Mchana ule akaanza tangazo la marehemu mzee Kapela, majina yamefuatana bila nafasi ya kuvuta hewa. Alipofika kwa mjane, sauti ikakatika. Mji mzima ukamsikia akitweta, jina la mjane limebaki nusu.

Akaisukuma skrini kando. Akachukua karatasi iliyoletwa na wafiwa, akatia mikato kwa kalamu, tukiwa hewani, wala hakuharakisha.

“Wafiwa mnisamehe,” akasema. “Nimeambiwa nisome bila kupumua. Sitaki. Naanza upya.”

Meneja akaja mbio, akaniashiria nifunge maikrofoni. Nikainama chini ya meza nikajifanya natafuta waya. Bi Nyamizi akasoma mpaka mtani wa mwisho.

Alipotoka, Masele alimsubiri mlangoni. “Mama, programu haipokei mikato.”

“Basi ifundishwe, mwanangu. Mimi nimeshazaliwa hivi.”

“Na nikikufukuza?” meneja akauliza.

“Nitaondoka napumua. Ila msiba mwingine ukifika, asome huyo.” Akainyooshea skrini kidole. “Asiye na mapafu hapangi mikato!”

Meneja aliitazama skrini, kisha akamtazama Masele. Mimi nilikuwa nimeshatoka chini ya meza, nacheka waziwazi. Kufikia matangazo ya jioni, programu ilikuwa imetiwa adabu, na Bi Nyamizi akasoma na mikato yake yote, tena nadhani aliongeza mingine kwa makusudi.

Kwa hiyo nyinyi, asiyebeba mzigo wenu akianza kuwapangia pa kupumzikia, msimbembeleze. Tueni mzigo chini, vuteni hewa mpaka mtosheke, kisha mwambieni usoni: asiye na mapafu hapangi mikato.